Unga Niliouita Hawara

Naandika haya kwa mama ambaye mtoto wake amevimba miguu, nywele zimeanza kubadilika rangi, na watu wa nyumbani wameanza kunong'ona mlangoni. Mimi nilikuwa mama huyo, Mombasa, mwaka ule wa mvua za El Nino. Sitakueleza mambo ya madaktari, maana siyajui. Nitakueleza yaliyonipata na niliyoyafanya, pamoja na yale ambayo wengi wamenishauri nisiyaseme.

Naitwa Mishi. Nilizaliwa Majengo, kwa mama anayeuza mahamri, nikaolewa Mji wa Kale katika nyumba ya ghorofa ya ukoo wa Kiarabu uliokaa hapo tangu enzi za mababu. Mume wangu Swaleh alikuwa mpole. Mama yake, Bi Thureya, hakuwahi kunikubali. Aliniita "yule wa Majengo" hata nikiwa nimesimama mbele yake na sinia la chai mkononi. Binti yetu Rukia alipozaliwa, Bi Thureya alilainika kidogo. Kisha Swaleh akapata kazi ya udereva Jeddah, akaondoka mtoto akiwa hajajua hata kukaa, nami nikabaki kwa mama mkwe.

Msimu wa kusi nilishikwa na homa kali. Nilipoinuka kitandani maziwa yalikuwa yamekatika kabisa. Tangu hapo Bi Thureya ndiye aliyeamua Rukia ale nini. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha mkate kilichochovywa. Mchana uji wa muhogo wenye sukari nyingi. Jioni uji ule ule uliobaki. Nilipotaka kumpa yai akasema litamchelewesha kusema. Samaki angemtia minyoo. Kunde zingemjaza tumbo. Na hiyo haikuwa nyumba ya shida. Chini jikoni kulipikwa samaki wa kupaka, Ijumaa pilau ya nyama, na harufu ilipanda ngazi mpaka chumbani kwangu, nami nimempakata mtoto anayelamba uji mweupe.

Alipoanza kuvimba, watu walifurahi. "Mashallah, amenenepa," walisema wageni, wakimbinya mashavu. Nami nilifurahi. Siku moja nikimvisha soksi nikabonyeza mguu wake kwa kidole, na shimo la kidole likabaki pale pale. Nywele zake, zilizokuwa nyeusi na za kujikunja, zikageuka rangi ya makumbi ya nazi na kunyooka kama za mtoto wa mtu mwingine. Ngozi ya mapaja ikapasuka kama rangi kuukuu ukutani. Lakini hayo yote hayakunitisha kama kunyamaza kwake. Rukia aliacha kulia. Ungemweka mahali asubuhi, mchana ungemkuta vile vile, anatazama sakafu.

Bi Thureya aliniita ukumbini.

"Keti, Mishi."

Nikaketi.

"Mtoto huyu amebemendwa."

Kwa asiyelijua neno hilo: kwetu husemwa kwamba mama mwenye mtoto mchanga akilala na mwanamume, hasa asiye mumewe, mtoto hudhoofika na kuvimba. Huko ndiko kubemenda. Na mume wangu alikuwa Jeddah.

"Nani?" akaniuliza.

"Nani nini, Mama?"

"Usinitie wazimu. Mwanangu yuko ng'ambo. Nakuuliza, ni nani?"

Nikamwambia nataka kumpeleka mtoto hospitali. Akasema hospitali haitibu zinaa. Akaleta mtu wa kumwosha mtoto kwa majani, na kila alfajiri Rukia aliogeshwa maji baridi kizingitini, akitetemeka bila sauti. Majuma yakapita hivyo. Funguo za mlango wa nje zilikuwa kiunoni mwa Bi Thureya, na mke wa nyumba ile hakutoka bila ruhusa yake. Nilimwomba kila siku. Kila siku alinijibu kwa swali moja: "Ni nani?"

Kisha ikaja kaseti. Swaleh hakupenda kuandika. Alikuwa akijirekodi na kuituma kaseti kwa mkono wa msafiri, na sisi tukikusanyika kwenye redio kumsikiliza. Siku hiyo alimsalimu mama yake, akawasalimu shangazi zake mmoja mmoja kwa majina, akakohoa, akasema, "Mishi, kwa niliyoyasikia, nimekuacha. Talaka moja." Halafu akaendelea kumsalimu binamu yake. Bi Thureya akazima redio.

"Umesikia," akasema, akanifungulia mlango mwenyewe.

Nilimfunga Rukia mgongoni kwa leso, nikatembea hadi Majengo kwa miguu. Mama yangu alimshika mtoto mguu, akaacha mahamri yakiungua kwenye mafuta, akavaa buibui. Hakuniuliza neno. Tulikwenda hospitali moja kwa moja.

Anayejua benchi za hospitali ya serikali hahitaji kuelezwa. Unakaa, unasogea kidogo, unakaa tena. Akina mama waliokuwa pale walimtazama Rukia, kisha wakanitazama mimi, na nikajua wanawaza nini, maana hata mimi zamani ningewaza hivyo. Tulifika kwa muuguzi wa lishe, Sista Kadzo, mwanamke mfupi wa Kaloleni mwenye sauti kubwa. Alimbonyeza Rukia mguu, akatazama shimo lililobaki.

"Wasema amebemendwa," nikamwambia kabla hajauliza. Nilitaka neno hilo nilitoe mwenyewe.

"Kina nani wasema?"

"Mama mkwe wangu."

"Mtoto alikuwa akila nini?"

Nikamwambia.

"Na wao watu wazima?"

Nikamwambia hayo pia, samaki wa kupaka, pilau, nyama. Sista Kadzo akamfunika mtoto miguu. Akasema, "Mishi, mtoto huyu ana njaa. Hana kitu kingine."

Neno hilo liliniingia kama maji ya moto. Ningeambiwa ugonjwa wenye jina refu la kizungu ningelia tu. Lakini njaa, katika nyumba ile? Nililala na neno hilo, nikaamka nalo. Tangu siku hiyo nilitaka mambo mawili kwa nguvu moja: Rukia apone, na Bi Thureya amwone amepona.

Walimpitisha mpira mwembamba puani, wakamlisha maziwa maalumu kidogo kidogo, mchana na usiku, kiasi kidogo hata ningeweza kukimwaga bila kujua. Nilitaka wampe zaidi. Sista alinikatalia: mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauwezi kupewa vingi kwa mara moja. Nilimfunika na kumweka kifuani kwangu apate joto. Na hapa nakuonya wewe unayesoma, kwa sababu mimi sikuonywa mapema: uvimbe ulipoanza kutoka, mtoto wangu alipungua. Mizani ilishuka kila asubuhi. Uso wa mviringo ukaondoka, pakabaki kibibi kizee chenye macho makubwa. Nilidhani anakufa. Jirani mmoja wa Mji wa Kale alipita wodini kumtazama mgonjwa wake, akamwona Rukia, akaenda kusema huko kwamba mtoto wa Mishi amebaki mifupa na Mungu ameshahukumu. Habari hiyo ilinifikia. Nikaiweka moyoni.

Kitanda cha pili alikuwepo Mbeyu, msichana wa Kigiriama aliyetoka bara ya Kilifi na mvulana wake. Yeye naye alikuwa ameambiwa maneno kama yangu. Tulikuwa tukigawana sabuni. Mvulana wake alifariki asubuhi moja mvua ikinyesha, na Mbeyu akamfunga vizuri kwenye leso yake mpya. Kabla hajaondoka akaniambia, "Wewe wako akipona watanyamaza. Mimi watasema mpaka nizeeke." Nikimkumbuka Mbeyu, hasira yangu huwa changa kama ya jana.

Mvua zile hazikuwa za kawaida ya vuli. Zilinyesha mpaka maji yakaingia vyumbani Majengo, kipindupindu kikaanza, na barabara ya Nairobi ikakatika. Maziwa ya wodi yetu yalikuwa yakija kwa lori kutoka bara. Sista Kadzo alitusimamisha akina mama akatuambia wazi: makopo yaliyobaki ni ya wale wachanga na walio hoi tu. Rukia alikuwa ametolewa mpira, ameanza kufungua mdomo. Hakuhesabiwa tena kuwa hoi.

"Na wetu watakula nini?" nikamuuliza.

"Kilichoko sokoni," akasema. "Tutakitengeneza hapa hapa, mimi na nyinyi."

Jiko la wodi lilikuwa chumba kidogo chenye jiko la mkaa na kinu kilichoazimwa. Tulianza na mtama na kunde. Unga wa kwanza tuliusaga na maganda yake, na watoto wakajaa upepo, matumbo yakawa kama ngoma. Usiku huo hakuna mama aliyelala, na baadhi yao walimtazama Sista kwa jicho baya. Kesho yake tukaloweka kunde, tukazisugua mpaka maganda yakatoka, tukazikausha kwa kuzikaanga, maana jua halikuwepo. Tulizikaanga kupita kiasi, uji ukawa mchungu. Tukarudia kwa moto mdogo. Tukaongeza ufuta uliokaangwa na kutwangwa, ambao ulitoa mafuta yake na kuufanya uji unukie kama vitu vya arusini. Sista aliuonja kila mara kabla ya mtoto yeyote.

Tatizo likabaki moja. Uji ulikuwa mzito. Ukiongeza maji unamlisha mtoto maji. Usipoongeza, anachoka kumeza kabla hajashiba. Rukia alikula vijiko vichache akageuza uso. Sista alisema chuoni waliwahi kufundishwa kwamba nafaka iliyoota hulainisha uji bila kuongeza maji, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuiotesha.

Mama Kioko, Mkamba aliyekuwa akiuza vitu kwenye kivuko cha Feri na ambaye mwanawe alikuwa kitanda cha mlangoni, alicheka chini chini. "Hiyo kuotesha naijua," akasema. "Ila msiniulize niliijulia wapi."

"Si ni pombe hiyo?" nikauliza.

"Pombe ina safari ndefu, dada. Mimi naishia njiani."

Akaloweka wimbi, akaufunika kwenye gunia bichi chini ya kitanda cha mwanawe. Ulipotoa vichipukizi vidogo vyeupe tuliukausha kwenye karai juu ya makaa yaliyofifia, tukasugua vichipukizi vikadondoka, tukausaga. Sista akapika uji mzito kama sima laini, akauepua, ukapoa mpaka kidole kikavumilia, akatia kijiko kimoja cha kimea, yaani unga huo wa wimbi ulioota, na kukoroga. Ule uji ulilegea mbele ya macho yetu mpaka ukamiminika. Akaurudisha motoni ukachemka tena. Tukasimama tumekizunguka chungu kile kama watu wanaotazama mtoto akizaliwa.

Rukia alikunywa kikombe kizima. Nilipokiondoa mdomoni mwake alinipiga mkono akalia, kilio cha hasira, kikubwa, cha mtu anayedai haki yake. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu kusi. Nilikaa sakafuni na kikombe kitupu nikamwacha alie, na Mama Kioko akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Kila kijiko nilichomlisha baada ya hapo nilikilisha nikimfikiria Bi Thureya. Sikuombi unisifu kwa hilo. Wenzangu walikuwa na subira. Mimi nilikuwa na chuki, na chuki hiyo iliniamsha kuloweka kunde wakati mwili umekataa. Nywele nyeusi zilianza kuchipua chini ya zile nyekundu. Akaanza kukaa. Akamng'ata Sista kidole.

Siku moja tukisaga, Mama Kioko akasema unga wetu hauna jina.

"Uiteni Hawara," nikasema.

Mama Kioko akasimamisha mchi.

"Nimeambiwa nina hawara aliyemfanya mwanangu hivi. Basi hawara wangu ni huyu, na watu wamtazame alivyomfanya."

Mama mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Wengi wao walikuwa wamebeba neno kama langu walipoingia pale. Sista Kadzo akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kuliandika jina hilo popote."

"Usiliandike," nikamwambia. "Nitalisema mwenyewe."

Tulitoka hospitali karibu na mwezi wa Shaaban. Wakati huo Sista alitumwa kufundisha mitaani namna ya kutengeneza unga, kwa vile watoto wengi walikuwa wametoka kuugua tumbo na maduka yalikuwa matupu. Alikwenda Majengo, akaenda Buxton, nami nikimfuata kama msaidizi. Alipotaja Mji wa Kale nikamwomba tuende uchochoro fulani, kwenye uwanja wa madrasa. Aliuliza kwa nini huo. Nikamwambia ukweli.

Alinitazama sana. "Utafundisha kwanza," akasema. "Mengine baadaye."

Dirisha la ukumbi wa Bi Thureya latazama uwanja ule. Wanawake walikuja wengi, wengine waliowahi kunywa chai yangu na kunipa mkono wa harusi. Niliwasha jiko, nikaonyesha kila kitu kwa utaratibu, kunde zilizomenywa, mtama, ufuta, kimea, kwa nini moto uwe mdogo, kwa nini uji uchemke mara ya pili. Rukia alikuwa amekaa miguuni pangu, mashavu yake ya kweli safari hii, akinywa kikombe chake na kudai kingine. Juu, ubao wa dirisha ulikuwa wazi, na nyuma yake palikuwa na mtu.

Mwanamke mmoja akauliza, "Huyu ndiye yule mtoto aliyekuwa amebaki mifupa?"

"Ndiye."

"Na unga huu waitwaje?"

Niliinua sauti ifike juu. "Waitwa Hawara. Katika nyumba ile niliulizwa kila siku ni nani niliyelala naye. Leo nimewaleta muwaone. Mmoja mtama, wa pili kunde, wa tatu ufuta. Nimelala nao wodini, na mwanangu ndiye huyu."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mzee aliyekuwa mbele aliinua uso akatazama dirisha, na wengine wakafuata macho yake. Ubao ukafungwa. Sista Kadzo akachukua mwiko akaendelea na somo, na sauti yake kubwa ikanirudisha kwenye chungu.

Kabla Ramadhani haijaisha, Swaleh alirudi. Eda yangu, muda wa kungoja baada ya talaka, haikuwa imetimia, na dini ilimpa nafasi ya kunirejea. Alikuja Majengo, akasimama nje, akamtazama Rukia, akalia. Nikamwambia kama anataka tuzungumze, mama yake aje kwanza.

Bi Thureya alikuja alasiri. Majirani walikuwa barazani kwetu wakichambua kunde, maana tayari tulikuwa tukitengeneza unga wa kuuza. Mama yangu alimtandikia mkeka, akatoka akakaa nao.

"Masalkheri, Mishi."

"Masalkheri, Mama. Karibu."

Aliketi kwa taabu. "Swaleh yuwamtaka mkewe," akasema.

"Na wewe wataka nini?"

"Nilisema neno ambalo silo."

"Neno gani?"

Akatazama barazani. "Twaweza kufunga mlango?"

"Chumba hiki kina joto. Neno gani, Mama?"

Akalisema. Alisema kwamba alinisingizia zinaa na kwamba mtoto hakuwa amebemendwa. Aliyasema polepole, na mikono barazani ikaacha kuchambua. Nilidhani hapo ndipo nitatulia. Lakini hakunyamaza. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Kwa mwanangu wa kwanza, kabla ya Swaleh. Alivimba, akafa. Mama mkwe wangu alinisema mpaka alipokufa yeye."

Sikulijua hilo. Hata Swaleh hakulijua.

"Ulikuwa umefanya?" nikamuuliza.

"La. Wallahi sikufanya."

"Basi wewe ulijua," nikasema. "Katika watu wote wa Mji wa Kale, wewe ulijua kwamba mtoto huweza kuvimba na mama yake hana kosa. Na ukaweka funguo kiunoni."

Aliinamia mkeka. Nilimwona, kwa kitambo, msichana aliyemfunga mwanawe kwenye leso kama Mbeyu, na moyo wangu ukataka kulegea. Sikuuruhusu. Nilimwambia ampelekee Swaleh jibu langu: sirudi. Alinyoosha mikono kumtaka Rukia. Rukia alimtazama, akanitazama mimi, akaja akaficha uso kwenye leso yangu. Sikumvuta wala sikumsukuma. Bi Thureya akainuka, akavaa viatu, na wanawake wa barazani wakasogeza sinia zao ili apite.

Swaleh hakunilazimisha. Aliiacha eda ikaisha, kisha akarudi Jeddah. Watu wema huniambia kwamba mama yule ameumia vya kutosha, kwamba mwenye kusamehe ndiye mwenye thawabu. Huenda ni kweli. Mimi sijasamehe, na Rukia anakua vizuri tu.

Wewe unayesoma, bonyeza mguu wa mtoto. Shimo likibaki, mpeleke hospitali leo, wala usingoje ruhusa ya mtu. Usianze na unga wangu. Huo ni wa baadaye, uvimbe ukishatoka na hamu ya kula ikirudi. Akipungua katika siku za mwanzo, usikimbie naye. Wakikuuliza ni nani, usipoteze pumzi kuwajibu, wala usikae kupanga utakavyowalipa. Hiyo si kazi ya leo. Mtoto akishapona, utapata wakati wa kutosha. Mimi niliupata.